Akishapita Morogoro haonekani tena: vijana wetu wa Dodoma wanapotelea wapi?

#1 MzabibuWaHombolo
Mbukwenyi wakuu.

Jumapili nilikuwa Jamhuri, jukwaa la mzunguko, upande ule ambao jua linakupiga usoni mpaka kipindi cha pili. Nageuka kununua karanga, namwona kijana mmoja wa Chang'ombe kakaa peke yake ngazi ya juu, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Huyu msimu uliopita alikuwa winga wetu. Akigusa mpira watu wanasimama. Dirisha kubwa la usajili lilipofunguliwa timu kubwa ya Dar ikamchukua, picha zikajaa kila grupu, mama yake akapika pilau la mtaa mzima. Sasa yuko kwenye zege kama mimi, anaangalia wenzake wanacheza.

Nikasogea, tukasalimiana. Nikamuuliza msimu mzima amecheza dakika ngapi. Akahesabu kwa vidole, mechi moja moja. Hazikufika hamsini.

Siandiki jina lake wala la timu, kanisihi. Ila si wa kwanza. Kila mwaka tunamsindikiza mmoja stendi ya Nanenane au kwenye treni, tunampigia makofi, na akishapita Morogoro haonekani tena. Baada ya mwaka au miwili unakutana naye Majengo sokoni anakwambia "nasubiri dirisha dogo".

Sikubali kwamba vijana hawa ni wabovu. Niliwaona kwa macho yangu. Sasa nawauliza nyie wenye uelewa: tatizo ni nini hasa?

#2 MnyamaNkuhungu
Siti ya mbele. Jibu mbona rahisi mkuu, ni wachezaji wa kigeni. Timu kubwa ina wageni 10, na mgeni amenunuliwa kwa dola. Hakuna kocha atakayemweka nje mtu wa dola ampe namba mtoto wa Chang'ombe.

#3 MzeeWaTakwimu
Mkuu hapo #2 rekebisha kidogo. Kumi ilikuwa zamani, baada ya kutoka saba. Siku hizi klabu inaruhusiwa kusajili wageni 12. Na usiseme wote ni wa dola nyingi, wapo waliokuja bure baada ya mikataba yao kuisha walikotoka. Hoja yako ina uzito, ila namba iwe sahihi.

#4 MwananchiIpagala
Mimi nasema tatizo linaanza kabla hata kijana hajapanda basi. Nusu ya sajili za Kariakoo, yaani Simba na Yanga, ni za kukomoana. Upande huu ukisikia upande ule unamtaka fulani, usiku huo huo mtu anatumwa na begi. Kocha hajaulizwa, hajamwona hata kwenye video. Asubuhi anaoneshwa kijana kashika jezi anaambiwa "huyu ni wako". Wewe ungekuwa kocha ungempanga? Kijana hakusajiliwa acheze. Alisajiliwa ili asicheze kule kwa wapinzani.

#5 MnyamaNkuhungu
Utopolo mmoja wa Yanga leo kaongea la maana, naandika tarehe ukutani.

#6 BekiMstaafu
Nimesoma kimya toka asubuhi, sasa naomba nafasi. Nilicheza daraja la kwanza miaka ya nyuma, beki wa kulia, na njia aliyopita huyo kijana niliipita mwenyewe. Sisemi ya kusimuliwa.

Hapa nyumbani tulikuwa tunacheza kwa kusubiri. Timu nzima iko nyuma ya mpira, tukiupora tunaupiga mbele, na mtu wa pembeni ana uwanja mtupu mpaka kwenye kibendera. Ukiwa na mbio unaonekana mfalme. Nikaenda timu kubwa. Wiki ya kwanza mazoezini naambiwa panda. Napanda, nafika mbele nakuta watu kumi wamejaa kwenye boksi lao. Hakuna pa kukimbilia. Kule mpira unaupokea mguuni, goli liko mgongoni, mtu anakupumulia shingoni, na unatakiwa uuachie kwa mguso mmoja. Zile mbio zilizonipeleka pale zikawa hazina kazi.

Kazi mpya hakuna aliyenifundisha. Mechi zinafuatana, ligi, kombe, Afrika, kwa hiyo mazoezi yanakuwa ya wale kumi na moja wa Jumamosi. Sisi wengine tunapelekwa pembeni na kocha msaidizi, tunavaa vizibao vya njano, tunacheza nusu uwanja. Nilikivaa kizibao kile mpaka nikawa nakiota usiku. Kocha mkuu alikuwa ananiita "wewe". Hakuwa mtu mbaya. Alinikuta nimeshasajiliwa, kama alivyosema #4.

Kwa hiyo mkuu Mzabibu, huyo kijana si mbovu, na kocha inawezekana pia si mbovu. Mpira aliokuwa anacheza hapa na ule anaotakiwa acheze kule ni mipira miwili.

#7 KibajajiMakole
Asante BekiMstaafu, umeongea vizuri. Ila kuna jambo mnalizunguka hamtaki kulitaja. Kamati ya ufundi. Mtu anatoka huku mzima, akifika kule goti linavimba bila kugongwa. Mnajua wenyewe.

#8 BekiMstaafu
#7 mdogo wangu, goti langu pia lilivimba. Lilivimba kwa sababu hapa tulifanya mazoezi mara moja kwa siku kwenye vumbi, kule wakatuweka mara mbili kwa siku, wiki tatu za maandalizi, halafu ghafla benchi. Mwili ulishtuka. Tuwape vijana maji na kupumzika kwanza, kabla hatujaanza kutafuta mchawi.

#9 MwananchiIpagala
Lakini wakuu tusiseme wote wanapotea. Dickson Job alitoka Mtibwa Sugar dirisha dogo la Januari 2021, leo ni nguzo pale kwetu Yanga, Jangwani. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union 2020, akawa nahodha. Kibwana Shomari, Mtibwa. Na upande wa makolo, yaani Simba, yupo Tshabalala naye alitoka Mtibwa, akacheza miaka yote ile. Wote hao ni watoto wa timu za mikoani.

#10 MzeeWaTakwimu
Tshabalala alitoka Kagera Sugar, 2014, si Mtibwa. Akakaa Simba pale Msimbazi miaka 11 na kitambaa cha unahodha akavaa, kabla hajahamia kwenu Yanga 2025. Pale Mtibwa labda unamchanganya na Shiza Kichuya na Mzamiru Yassin, hao ndio waliokwenda Simba 2016. Ongeza na Shomari Kapombe, alitokea Polisi Morogoro 2011, akaenda mpaka Ufaransa kule Cannes, akapita Azam, akarudi Simba.

#11 DadaWaUDOM
Habari zenu. Huwa nasoma tu leo naandika. Tazameni orodha ya #9 na #10 taratibu. Job, beki. Mwamnyeto, beki. Kibwana, beki. Tshabalala, beki. Kapombe, beki. Mzamiru ni kiungo wa kukaba. Kichuya peke yake ndiye winga.

Na kijana wa mleta uzi ni winga.

Mnaona? Kijana wa mkoani akienda kule kama beki anapewa muda, kwa sababu klabu nyingi hazitumii nafasi za wageni kujaza nyuma zikaisha. Zinazimalizia mbele, kwenye magoli. Mfungaji bora 2020/21 alikuwa John Bocco. 2021/22 akawa George Mpole wa Geita Gold, magoli 17, kampita Mayele wa Yanga kwa goli moja. Baada ya hapo? 2022/23 Mayele na Saido Ntibazonkiza, 17 kila mmoja. 2023/24 Aziz Ki, 21. 2024/25 Ahoua, 16. Misimu mitatu mfululizo kiatu cha mfungaji bora kimechukuliwa na mgeni. Si kwamba watoto wetu hawajui kufunga. Ile sehemu ya uwanja imeshakodishwa.

#12 MnyamaNkuhungu
Dada hapo umenigusa, sikuwahi kuliona hivyo. Lakini Kibu Denis je? Katoka Mbeya City 2021 akaja kwetu Simba, ni mshambuliaji, na anacheza mpaka leo.

#13 MwananchiIpagala
Kibu tunamkumbuka sana. Tarehe 5 Novemba 2023 alitufunga sisi Yanga goli zuri tu. Tukarudisha mangapi vile? Tano?

#14 MnyamaNkuhungu
Uzi ulikuwa unakwenda vizuri.

#15 DadaWaUDOM
Kibu anacheza kwa sababu anakimbia na kurudi kukaba kuliko beki. Muulizeni BekiMstaafu. Anafanya kazi ambayo mgeni wa mbele haitaki. Kwa hiyo hata yeye kaingia kwa mlango wa ulinzi.

Na msisahau Fei Toto, yaani Feisal Salum. Msimu ule Aziz Ki anafunga 21, Feisal alikuwa na 19, na alizifunga akiwa Azam ambako timu ilijengwa imzunguke yeye.

#16 MzeeWaTakwimu
Hoja ya #11 nzuri lakini ina tundu. Clement Mzize ni mshambuliaji mzawa na alicheza mbele ya wageni pale Yanga. Tofauti yake ni kwamba alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga yenyewe. Walimjua toka mdogo. Kwa hiyo huenda suala si mbele na nyuma. Huenda ni kujulikana. Kocha anamwamini anayemjua.

#17 MnyaturuAsilia
Nyie wa Dodoma mnalia wachezaji wanahama. Njooni Singida, huku klabu ndizo zinazohama.

Nawahesabia. Singida United ilipanda 2017, tukafurahi, uwanja wa Liti ukajaa (wakati huo tunaita Namfua), ikashuka. Ikaja DTB, ikapanda 2022 ikaitwa Singida Big Stars, msimu wa kwanza tu tukamaliza wa nne. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. 2024 Fountain Gate ikabeba jina lake ikaenda Babati. Tukiwa tumekaa tunashangaa, Ihefu ikatoka Mbarali kule Mbeya, ikaja kwetu, ikawa Singida Black Stars. Mdogo wangu ana jezi tatu za "timu ya nyumbani" na hakuna hata moja inayofanana na mwenzake. Kuna mchezaji alisaini mkataba mmoja, akachezea majina mawili, na hakuhama hata nyumba.

Ila siwezi kusema ni hasara. 2025 Clatous Chama mwenyewe, aliyetamba Simba kisha Yanga, alisaini Singida. Chama! Nilikwenda mazoezini kumwona kwa macho, nikabeba na wanangu.

#18 FundiJeziBarabaraYaTisa
Mmefika kwenye kazi yangu sasa. Mimi nachapa majina na namba kwenye jezi. Usajili naujua kwa pasi, redio naisikia baadaye.

Julai 2024 Chama alipotoka Simba akatambulishwa Jangwani, wiki ile sikuchapa hata jina moja la maana. Nilikuwa nabandua. Mtu anakuja na jezi nyekundu kaikunja ndani ya mfuko mweusi kama dawa ya mende, anaiweka mezani, anasema "toa". Unaweka karatasi juu, unapitisha pasi ya moto wa kati, unahesabu mpaka kumi, unaanza kuvuta herufi kutoka pembeni. C inatoka, H inatoka, A huwa inang'ang'ania katikati kwenye kale katundu. Hata ukibandua vizuri kivuli kinabaki. Ukiishika jezi juani unasoma bado. Mzee mmoja aliangalia kile kivuli, akaniambia basi rudishia. Nikarudishia. Sikumchaji.

Kuhusu kijana wa #1: jina lake nilichapa jezi 14 mtaani kwao ile wiki anaondoka. Hakuna hata mmoja aliyerudi kubandua. Mwambieni hivyo.

#19 MzabibuWaHombolo
Fundi, nimemtumia ujumbe wako. Amesoma, alama mbili za bluu nimeziona. Hajajibu.

#20 MamaMlenda
Wanangu hamjambo. Nina genge karibu na Jamhuri, wachezaji wengi wamekula kwangu, wengine kwa daftari. Nawasoma mnabishana kuhusu mabeki na wageni, nasema nami niweke langu.

Kuna mmoja aliondoka na deni la elfu thelathini na nane. Mshahara wa kwanza tu kanitumia kwenye simu, elfu arobaini, na ya kutolea. Kisha akawa ananipigia usiku saa nne, saa tano. Hana shida ya hela. Anauliza, "mama, leo mlenda umeweka karanga?" Anauliza nani kaja kula. Nikamuuliza wewe umekula nini, ananiambia chipsi. Jana? Chipsi. Kapangishiwa chumba na sebule mbali na wenzake, hajui jirani, akitoka nje watu wanampiga picha, timu ikifungwa wanamtukana sokoni na wala hakucheza. Huku alikuwa analala nyumbani kwao na akikosea pasi namwambia mimi mwenyewe akija kula, tunacheka.

Mtoto wa miaka ishirini ukimtoa kwao ukampa hela na chumba kitupu, hata hizo mbio anazitoa wapi? Hilo sijaona limeandikwa hapa.

#21 BekiMstaafu
Mama shikamoo. Ndicho hicho. Mimi niliona aibu kukiandika.

#22 MzabibuWaHombolo
Mama shikamoo, asante sana.

Wakuu, kijana amepiga simu badala ya kujibu ujumbe. Kaniruhusu niseme jambo moja. Mshahara wa miezi mitatu hajaupata, na mkataba umebaki mwaka mmoja. Timu ya mkoani inamtaka, lakini kule wanamwambia hawezi kuondoka mpaka aletwe mtu wa kulipa. Afanyeje?

#23 KibajajiMakole
Avunje mkataba kama Fei Toto. Weka hela mezani, beba begi, ondoka. Mwisho wa habari.

#24 MzeeWaTakwimu
Hapana, usimpoteze mtoto. Fei Toto hakuondoka hivyo. Desemba 2022 aliirudishia Yanga shilingi milioni 112 akiamini mkataba umekwisha hapo. Kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje karibu nusu msimu. Lilikwisha Juni 2023, pale Rais Samia alipoigusia Yanga jambo hilo kwenye hafla ya Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ndipo klabu zikakaa na akaenda Azam kwa makubaliano. Huyu wetu hana wa kumsemea Ikulu.

Na mchezaji Bernard Morrison pia msimtaje. Ya kwake kati ya Yanga na Simba 2020 yalifika hadi mahakama ya michezo ya kimataifa, hukumu ikatoka mwaka uliofuata. Ni muda na ni mawakili.

#25 WakiliAreaC
Habari wakuu. Kwa hili la #22 kuna njia, tena ya wazi. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ibara ya 14bis, zinasema klabu ikishindwa kumlipa mchezaji angalau mishahara ya miezi miwili bila haki, mchezaji ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Sharti ni kwamba kwanza aiandikie klabu, aieleze anadai nini, na aipe angalau siku 15 walipe. Siku zikipita bila malipo, anaondoka akiwa na haki upande wake na madai yake bado yapo.

Kosa ambalo vijana wengi hufanya ni kuondoka kwanza na kuandika baadaye. Hapo yeye ndiye anakuwa mvunja mkataba. Asiondoke kambini. Asikose mazoezi hata siku moja. Aandike, atunze nakala, na atunze taarifa za benki zinazoonesha mwezi gani hela haikuingia.

#26 MzabibuWaHombolo
Wakili, najua utauliza kama ana nakala ya mkataba. Nimemuuliza. Anasema alisaini nakala tatu na zote walibaki nazo wao.

#27 WakiliAreaC
Basi kazi ya kwanza ni kuidai nakala kwa maandishi. Mkataba wake lazima uwe umewasilishwa TFF wakati wa usajili, kwa hiyo haujapotea. Aje ofisini, sitamtoza kwa kuongea.

#28 KatibuWaMtaa
Nimejizuia lakini nimeshindwa. Mimi ni katibu wa timu ya ndondo huku Chang'ombe, na huyo mtoto nimemjua toka #1, kofia ile nimempa mimi.

Alikuja kwetu ana miaka 13, anacheza na soksi mbili mguu mmoja kwa sababu hakuwa na viatu. Alikaa na sisi mpaka 18. Siku anachukuliwa, mimi ndiye niliyesaini karatasi ya kumwachia. Juu ya boneti ya gari, nje ya geti, kalamu ya kuazima. Tulipewa seti moja ya jezi na mipira miwili. Namba tisa ilibanduka wiki ya pili (Fundi anajua, alinirekebishia). Nilifurahi siku ile, wala sikuona kama tumepunjwa. Nilisema mtoto ametoka.

Leo nasoma hapa watu wanataja madola. Swali langu kwa wakili: timu kama yetu huwa ina haki yoyote? Au ndiyo basi?

#29 WakiliAreaC
Katibu, haki ipo, ila ina masharti.

Ya kwanza ni fidia ya mafunzo. FIFA wanaihesabu kwa miaka ambayo mchezaji alifundishwa kati ya miaka 12 na 21, na hulipwa anaposajiliwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa au anapohama nchi mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza 23. Ya pili ni gawio la mshikamano. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mwaka wa kati ya 12 na 15 unalipwa asilimia 0.25, mwaka wa kati ya 16 na 23 asilimia 0.5.

Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni hiyo ndiyo iliyompa haki ya gawio kila aliyemlea ndani ya umri huo, na alianzia Mbagala kabla ya African Lyon na Simba.

#30 MwananchiIpagala
Ngoja nipige hesabu. Mtoto kakaa kwa Katibu toka 13 hadi 18. Tuseme kauzwa nje dola 100,000. Miaka mitatu ya chini, dola 250 mara tatu, 750. Miaka mitatu ya juu, 500 mara tatu, 1,500. Jumla dola 2,250. Katibu, hizo ni seti ngapi za jezi! Basi hata hiyo timu ya Dar iliyomchukua wakulipe hapo hapo.

#31 WakiliAreaC
Hesabu iko sawa, hitimisho siyo. Kutoka Dodoma kwenda Dar ni uhamisho wa ndani, na huo unaongozwa na kanuni za nchi, hauingii kwenye gawio hilo la FIFA. Na akiondoka huru baada ya mkataba kuisha hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Jambo la tatu ndilo zito zaidi: lazima timu iwe imesajiliwa na mtoto awe ameandikishwa kwenu rasmi. Kuna kitu kinaitwa pasipoti ya mchezaji, inaonesha klabu zake zote toka mwaka aliotimiza 12. Jina la timu yako lisipokuwepo mle, mbele ya sheria hukumlea.

#32 RefaMstaafu
Hapo ndipo ninapowalaumu viongozi wetu wa chini, na Katibu asinichukie. Nimechezesha mechi hizi miaka 20. Timu inafika uwanjani na leseni saba za wachezaji kumi na mmoja. Wanaokosa wanaazima jina la aliyebaki nyumbani. Mtoto anacheza miaka minne kwa jina la binamu yake. Sasa pasipoti hiyo itaandikwa jina la nani? Kariakoo wana makosa yao, lakini hili ni letu.

#33 MnyamaNkuhungu
Refa kumbe wewe ndiye ulitunyima penalti ile Mashujaa... tutaongea.

#34 RefaMstaafu
Mpira uligonga bega.

#35 KatibuWaMtaa
Refa sichukii, umesema kweli. Lakini si wote. Sisi tulikuwa na usajili wa wilaya, na nilikuwa naandika.

Nimetoka stoo sasa hivi. Kuna sanduku la bati tulikuwa tunawekea nyavu za goli, chini yake nimelikuta daftari, kaunta buku la kijani. Mchwa wamekula kona ya juu mpaka ukurasa wa thelathini hivi. Nimefungua taratibu. Jina lake lipo. Tarehe ya kuzaliwa, jina la shule, saini ya mama yake kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika mimi mwenyewe: "viatu namba 38, hana". Fomu ya wilaya imebanwa na pini, pini imepata kutu lakini muhuri unasomeka.

#36 WakiliAreaC
Usiitoe hiyo pini. Usiipige pasi, usiikunje. Njoo nayo kama ilivyo.

#37 MzabibuWaHombolo
Kijana anasoma uzi huu, amenipigia tena. Jumatatu anaingia na treni ya asubuhi. Anauliza kama mama mwenye genge atakuwepo mchana.

#38 MamaMlenda
Nipo. Mlenda una karanga.

#39 KatibuWaMtaa
Jumatatu saa nane basi, Area C. Nakuja na daftari kwenye mfuko wa nailoni. Fundi, nichapie jezi moja ya timu yetu ya mtaa, namba yake ya zamani, 7. Nitalipa.

#40 FundiJeziBarabaraYaTisa
Ya kijani au ile ya njano?